Leseni Isifanywe Wavu wa Kuvulia Wanachama

Kuna pendekezo ambalo nimelisikia mara kadhaa katika makongamano, na sasa linaanza kusemwa kana kwamba ni busara: kwa kuwa wauguzi wengi hawajiungi na chama chao cha kitaaluma, na baadhi ya waliojiunga wameacha kulipa ada, basi uanachama uwe sharti la kuhuisha leseni. Asiye na risiti ya chama, asifanye kazi. Ninalipinga pendekezo hili, na ninawapinga pia wanaolitetea kwa kudai kwamba vijana wa siku hizi hawana wito.

Upande wa sheria, mjadala ni mfupi. Ibara ya 20 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inalinda uhuru wa mtu kushirikiana na wengine, na inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Leseni ni jambo jingine. Inasimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga chini ya sheria ya mwaka 2010, ili mgonjwa awe na hakika kwamba anayemchoma sindano ana sifa za kufanya hivyo. Haikuwekwa ili kukusanyia mtu ada.

Swali zito ni kwa nini muuguzi anakaa mbali. Mimi si muuguzi, lakini karibu kila mwaka nina wauguzi kadhaa katika darasa langu la uzamili, na sijamsikia hata mmoja akisema anakichukia chama. Wanachosema ni kwamba hawakioni. Mshahara wa muuguzi tayari una makato ya chama cha wafanyakazi. Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu, pale chama chenye wanachama wengi kinapokubaliana na mwajiri, hata asiye mwanachama akatwe ada. Juu yake kuna gharama za leseni. Anapoombwa ada ya tatu ana haki ya kuuliza: hii inanunua nini?

Jibu analopewa ni hotuba. Wakati huohuo tumezoea kuona kiongozi wa kisiasa akiingia wodini na kamera, akisikiliza lalamiko la ndugu mmoja wa mgonjwa, kisha akatangaza hapohapo kwamba muuguzi wa zamu asimamishwe kazi. Hakuna aliyeuliza usiku ule alikuwa na wagonjwa wangapi, wala kama glavu zilikuwepo. Siku hiyo chama cha kitaaluma kinapaswa kutoa tamko kabla jua halijazama, kudai utaratibu wa nidhamu ufuatwe, na kumtafutia mwanasheria. Kikinyamaza, wauguzi wote wa wodi ile wamepata jibu la swali lao kuhusu ada.

Sababu ya ukimya huo haisemwi sana. Uongozi wa vyama vya namna hii mara nyingi huwaangukia wakubwa wa kazi: wauguzi wafawidhi, wakuu wa vyuo, maofisa wa wizara. Sidai kwamba ni watu wabaya. Ila anayepanga zamu atalalamikaje kuhusu zamu?

California walilipitia hili. Katika miaka ya 1990 mapema, wauguzi wa wodini walikichukua chama cha jimbo lao kutoka mikononi mwa mameneja na wakufunzi, na mwaka 1995 wakajitoa katika Chama cha Wauguzi cha Marekani, kilichoasisiwa mwaka 1896. Wapo waliowaita wasaliti wa taaluma. Mwaka 1999 ikapitishwa sheria ya jimbo ya kuweka kikomo cha wagonjwa kwa muuguzi mmoja. Ilianza kutumika 2004, na kufikia 2005 kikomo katika wodi za kawaida kilikuwa wagonjwa watano. Hiyo ni faida ambayo muuguzi anaihesabu kwa vitanda. (Wapo watakaosema sisi si Marekani. Kweli, sisi mzigo wetu ni mkubwa zaidi.)

Kwa hiyo ninapendekeza kinyume cha leseni. Katiba za vyama ziwazuie wenye mamlaka ya nidhamu kazini kushika nafasi za juu za uongozi. Muuguzi aliyehitimu akasota bila ajira, au anayejitolea kwa posho ya nauli, apokewe bila ada hadi apate mshahara. Huyo ndiye anayehitaji chama kuliko wote. Kila hospitali ya wilaya iwe na tawi lenye mtu wa kupigiwa simu usiku.

Na kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, kabla mishumaa haijawashwa na kabla mgeni rasmi hajapewa kipaza sauti, mweka hazina asome mbele ya wanachama hesabu zilizokaguliwa, kisha katibu ataje idadi ya wauguzi waliotetewa mwaka huo. Kama ni sifuri, aisome sifuri hiyo, mgeni rasmi akisikia.