Gari la Chama si Punda wa Wakubwa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno ambalo wengi wetu hulisema kwa kunong'ona tutokapo mkutanoni, na ndani ya mkutano hapana alisemaye. Neno lenyewe ni habari ya gari la Chama, na hasa habari ya mabwana tuliowachagua walisimamie. Najua wako watakaosema kwamba huyu ana kijicho, alitaka kiti akakikosa. Wasemao hivyo na wasome kwanza mpaka mwisho, kisha wanihukumu.

Wanachama wote wakumbuka sababu ya kununua gari lile. Hatukulinunua ili tupate faida. Tulikatwa mishahara kidogo kidogo, makarani, matarishi, wauguzi na waalimu, tukapatana kwa maandishi kwamba gari litawachukua wazee wetu waliostaafu siku zao za hospitali, litawachukua wafiwa, na siku zilizobaki litawachukua wanachama wakaao mbali na afisi, kwa nauli ya kutosha mafuta, matairi na mshahara wa dereva. Hapana mtu wa kugawiwa faida. Faida ya gari hili ni mzee kufika kwa mganga.

Basi sikilizeni. Alhamisi moja, si zamani, nilimkuta mzee mmoja, karani wa siku nyingi, ambaye ndiye aliyenifundisha kuandika barua ya afisi, amekaa juu ya jiwe penye kituo chetu. Alikuwa hapo tangu saa kumi na mbili asubuhi, na cheti chake cha hospitali amekifunga ndani ya leso. Saa nne gari halijaja. Nilipouliza nikaambiwa, gari limekwenda arusini. Arusi ya nani? Ya jamaa wa mjumbe mmoja wa Halmashauri. Nani aliyeandika ruhusa? Hapana. Nauli ilikuwa kiasi gani? Hapana ajuaye. Mzee akaniambia kwa adabu ya watu wa zamani, "Haidhuru, mwanangu, labda walikuwa na shughuli." Mimi nasema, yadhuru, tena yadhuru sana.

Watu wengi wamlaumu dereva. Dereva ni mtumishi. Aambiwapo nenda, huenda. Lawama ni ya Halmashauri, na nyuma ya Halmashauri ni yetu sisi tulioinua mikono. Maana tuliwachaguaje? Mmoja tulimchagua kwa sababu ana cheo kikubwa afisini, na tukaogopa kumwacha. Wa pili ni mtu wa kwetu. Wa tatu ana sauti nzuri ya kufungua mkutano. Hakuna aliyeuliza, huyu aweza kusoma daftari la hesabu? Huyu amewahi kupanda gari hili hata siku moja? Tuliwapa kiti kama zawadi ya uzee, nao wakakipokea kama zawadi. Cheo ni dhamana, na sisi tumekifanya kuwa kitoweo.

Nimesikia udhuru wa namna nne, nami nataka kuujibu mmoja mmoja.

Udhuru wa kwanza ni huu: "Sisi twajitolea, hatulipwi mshahara, mwatudai nini?" Nawajibu kwa habari ya mji wa Montgomery katika jimbo la Alabama, Marekani. Tarehe 5 Desemba 1955 watu weusi wa mji ule waliacha kupanda mabasi, kwa sababu ya sheria iliyowadhili humo, na kwa sababu Bibi Rosa Parks alikuwa amekamatwa siku nne mbele kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti. Siku ile ile walifanya chama, wakamchagua Martin Luther King kuwa mwenyekiti, kijana wa miaka 26. Maelfu ya watu walikuwa hawana njia ya kwenda kazini. Kwanza waliwategemea madereva wa teksi weusi, waliowachukua kwa senti 10 kila mtu, sawa na nauli ya basi. Wakubwa wa mji wakaikumbusha sheria kwamba nauli ya teksi isipungue senti 45. Ndipo King alipomwuliza Mchungaji Jemison wa Baton Rouge, ambaye watu wake walikuwa wamekwisha gomea mabasi mwaka wa 1953, jinsi walivyotumia motokaa zao wenyewe. Halmashauri ya usafiri ikaundwa, na kwa siku chache tu watu zaidi ya 150 wakatoa motokaa zao. Baadaye zikafika kama 300. Kazi ile ilidumu zaidi ya miezi kumi na moja.

Hapana aliyetajirika kwa kazi ile. Lakini hakuna mahali nilipopata habari kwamba mjumbe mmoja alisema, "Mimi najitolea, basi nisiulizwe." Na mwenyekiti wao hakukaa juu ya kiti tu. Tarehe 26 Januari 1956 alikamatwa na polisi akiwa yeye mwenyewe ashika usukani, amewapakia abiria kituoni. Wakamshitaki kwamba alikwenda maili 30 kwa saa mahali pa maili 25. Nawauliza mabwana wetu: ni nani kati yenu aliyewahi kukamatwa, au hata kuchelewa chakula cha mchana, kwa ajili ya abiria wa Chama?

Udhuru wa pili: "Sisi ni watu wa kalamu; mambo ya magari hatuyajui." Udhuru huu ni aibu kuusikia kinywani mwa karani. Huko Montgomery kazi kubwa haikuwa kupata magari. Kazi kubwa ilikuwa kujua gari gani liwe wapi, saa ngapi, na nani angoja. Walichukua ramani ya mji, na wafanya kazi wa posta, walioijua mitaa nyumba kwa nyumba, wakasaidia kupanga vituo. Vikapatikana vituo 48 vya kuwachukua watu asubuhi na 42 vya kuwarudisha jioni. Na neno la mgomo wenyewe lilienezwaje? Bibi Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alikesha usiku mmoja akichapa maelfu ya karatasi kwa mashine ya stensili, mfano wa hii inayochapa gazeti letu. Baadaye yeye ndiye aliyehariri gazeti la chama kile, tena akaendesha motokaa yake kuwachukua abiria. Hizi ni kazi za nani kama si zetu? Orodha, ramani, saa, barua na hesabu ndizo zinazoendesha gari. Mafuta huja baadaye. Karani asemaye kwamba hawezi kuongoza usafiri kwa kuwa yeye ni mtu wa kalamu ni kama mvuvi asemaye hawezi kwenda baharini kwa kuwa yeye ni mtu wa nyavu.

Hata bima ilikuwa kazi ya karatasi. Mashirika yaliwafutia bima mara kwa mara ili magari yasimame. Hawakuinua mikono na kusema Mungu apenda. Walitafuta mpaka wakala mmoja mweusi wa Atlanta, Bwana T. M. Alexander, akawapatia bima kwa Lloyd's ya London. Katika Halmashauri yetu, nauliza tena, nani ajua bima ya gari letu yaisha tarehe gani? Niliwauliza wajumbe watatu. Mmoja alisema Juni, wa pili akasema Septemba, na wa tatu aliniuliza kwa nini nauliza.

Udhuru wa tatu ndio mbaya kuliko yote: "Kudai hesabu mbele ya watu ni kuvunja heshima ya wazee." Ndugu zangu, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii haikutungwa na vijana wakosefu wa adabu, ilitungwa na wazee wenyewe. Na hapa sitaki kuwasifu watu wa Montgomery kupita kiasi, maana nao walipatwa. Mwezi wa Juni 1956 katibu wa mikutano wao, Mchungaji Fields, alijiuzulu akatangaza kwamba viongozi walitumia vibaya fedha ya chama. Maneno yale yalikuwa furaha kwa adui zao. King alikuwa safarini California, ikambidi arudi. Mwezi ule ule Fields alisimama mbele ya mkutano, akayafuta maneno yake na kuomba radhi. Na mwaka wa 1957 mweka hazina wao, Bwana E. D. Nixon, mtu aliyefanya kazi kubwa tangu siku ya kwanza, alijiuzulu kwa uchungu.

Twajifunza nini? Hata chama chenye watu hodari na neno la haki chaweza kutikiswa kwa shaka ya fedha, maana mwivi na mwaminifu hufanana gizani. Basi hesabu iliyo wazi ni ngao ya mjumbe mwaminifu kabla ya kuwa mtego wa mjumbe mwivi. Anionyeshaye daftari ndiye ninayeweza kumheshimu kwa moyo mweupe. Anificheaye, hata akiwa na mvi hata kidevuni, ameivua heshima yake kwa mkono wake mwenyewe.

Udhuru wa nne huja umevaa nguo nzuri: "Tulitumie gari kwa biashara, tununue la pili na la tatu, tuchukue kazi za watu wa nje, kisha wazee watafaidi." Yapo maneno ya kweli humo, wala sikatai. Lakini na tutazame mtaa wa Hackney, London. Mwaka wa 1982 vyama vya wenyeji wa pale viliunganisha magari yao madogo ili kuwahudumia watu wasioweza kupanda mabasi ya kawaida. Shirika lile halikuwa la kugawana faida. Baadaye likaingia katika zabuni, likapata kuendesha mabasi mekundu ya London, likavuka maji mpaka visiwa vya Jersey na Guernsey. Watu wengi walilitaja kuwa mfano. Mwaka wa 2022, baada ya miaka 40, lilifungwa. Sisemi kwamba wasimamizi wake walikuwa wabaya. Ugonjwa wa Korona uliwaumiza wenye mabasi kila mahali. Nasema hivi tu: watu wa ujuzi ule, katika mji ule, mambo yakawashinda. Na sisi, ambao gari moja limetushinda kufika kituoni Alhamisi, twataka matatu? Nahodha asiyeweza kuvusha mtumbwi kijito hapewi jahazi.

Basi nataka nini? Sitaki wajumbe watukanwe, wala sitaki kiti cha mtu. Nataka mkutano mkuu ujao uamue mambo haya.

Kwanza, gari liwe na daftari la safari, na hapana safari bila maandishi: nani, wapi, kwa ruhusa ya nani, kwa nauli gani.

Pili, hesabu ya mapato na matumizi ichapwe katika gazeti hili kila miezi mitatu, pamoja na tarehe ya bima na akiba ya matengenezo.

Tatu, mjumbe akiwa na haja yake au ya jamaa yake katika jambo, atoke chumbani wenzake wakate shauri. Na akipewa gari alipe kama mtu mwingine, tena isiwe siku ya hospitali.

Nne, mjumbe akae miaka mitatu, kisha apumzike. Kiti kikikaliwa mno hufanya kutu kama gari lisilotembea.

Tano, viti viwili vya Halmashauri wapewe wazee wenyewe wapandao gari, na viwili wapewe mama zetu na dada zetu. Huko Montgomery wengi wa waliotembea kwa miguu, waliopika vyakula vya kuuza ili kuchangia mafuta, na walioshika kalamu walikuwa wanawake. Katika Halmashauri yetu hayumo hata mmoja.

Sita, na hili ndilo nilipendalo kuliko yote: kila mjumbe, mwenyekiti akiwa wa kwanza, aende kituoni siku moja kila mwezi, saa kumi na mbili asubuhi, akae juu ya jiwe lile mpaka gari lije. Likikawia saa moja, ataielewa hoja yangu bila mimi kuandika tena.

Wako watakaosema kwamba nimezidi, kwamba gari moja la wazee si jambo la kufananisha na mambo makubwa ya Marekani. Nawajibu kwamba mambo makubwa yale yalikuwa watu wa kawaida, wafuaji wa nguo, wapishi na mabawabu, waliotaka kufika kazini bila kudharauliwa. Tarehe 13 Novemba 1956 hakimu wa Alabama alitoa amri ya kuyasimamisha magari yao. Na siku ile ile ikaja habari kwamba Mahakama Kuu ya Marekani imeikubali haki yao. Walitembea kwa miguu majuma mengine matano kabla ya kupanda tena mabasi tarehe 21 Desemba. Kutembea kule waliweza, kwa sababu waliwaamini waliowaongoza.

Yule mzee wangu naye alitembea Alhamisi ile. Nilipomwacha kwenda kumtafutia gari, aliona haya kunisumbua, akainuka na leso yake akaenda kwa miguu. Wanachama, tusiinue mikono tena kwa upole tu. Tukienda mkutanoni, twendeni na maswali yaliyoandikwa.

Mimi ni wako mtiifu,
MWANACHAMA WA KITUO CHA JIWENI