Kabla ya kununua imprimante, uliza swali moja

Raia wenzetu, vijana wa Bunia,

Katiba ya inchi yetu, kwenye kifungu cha 26, inatupa haki ya kuandamana. Inaomba wenye kuandaa wajulishe mamlaka kwa maandishi. Sasa, maandishi hayatoki hewani. Barua kwa meya, memorandum kwa gavana, orodha ya sahihi za watu wa kartye, yote inapita kwanza kwenye imprimante, kisha inaenda kutafuta kashe ya "imepokelewa". Tangu mwezi wa tano 2021 Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi, na ile kopi yenye kashe na tarehe ndiyo ushahidi wetu kama tulijulisha.

Juu ya hiyo, leo tunaongea mambo ya imprimante na skana. Wenye kucheka wacheke, lakini wasome mpaka mwisho.

Wengi wetu tunapeleka flashi kwenye sekretaria ya pembeni ya barabara. Tunatoa karatasi, tunalipa, tunaenda. Flashi inarudi na virisi, na hiyo ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni faili yenyewe. Ushuhuda wa mama aliyekimbia Djugu, majina ya mashahidi wa Irumu, vyote vinaweza kubaki kwenye ordinatere ya mutu tusiyemujua. Kikundi chenye kukusanya ushuhuda kinapashwa kuwa na mashine yake.

Ordinatere zenyewe tuko nazo, hata kama ni za okazioni. Lakini tarehe 14 mwezi wa kumi 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 inakataa rasmi mashine nyingi za zamani. Mutu anabaki na njia mbili: kuweka Windows ya kraki yenye hajui nani aliitengeneza, ao kuweka Linux, ambayo ni ya bure, inatembea vizuri kwenye mashine ya zamani, na kila mutu anaweza kuangalia ndani yake kuna nini.

Hapo ndipo tunasikia wimbo ule ule: "Linux ni muzuri, lakini haitoi karatasi." Ni kweli? Nusu tu.

Programu inayochapisha kwenye Linux inaitwa CUPS. Ni ileile Apple ilinunua mwaka 2007 na kuitumia kwenye Mac zake. Kwa skana kuna SANE. Imprimante nyingi za miaka ya karibuni, zile zenye kukubali AirPrint ao IPP Everywhere, hazihitaji piloti yoyote, ni kusema ile programu ndogo ya kutafsiri kati ya ordinatere na mashine. Unachomeka, karatasi inatoka. HP nayo inatoa programu yake ya Linux, HPLIP, kwa mamia ya modeli.

Nusu ingine iko hivi. Kuna mashine zinazoongea luga ya kampuni yao peke yake. Canon LBP2900 inaongea CAPT, luga ya Canon, na kuifanya itii kwenye Linux ni kazi ya kutoa jasho. HP LaserJet P1102 inaomba kipande cha programu iliyofungwa, cha kutafuta kwenye intaneti. Ukiwa huna mega siku hiyo, umekwama. Kwa hiyo kosa linafanyika dukani, siku ya kununua, mbele hata ya kuweka Linux.

Na mara ingine Linux ndiyo inaokoa mashine. Skana ya CanoScan LiDE 30 haikupewa na Canon piloti ya Windows ya biti 64. Kwenye Windows ya leo ni kama imekufa. Kwenye SANE bado inafanya kazi. Mbele ya kutupa skana ya zamani, ijaribu huko kwanza.

Mapambano haya siyo mapya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Richard Stallman alikuwa anafanya kazi MIT, Marekani. Walipewa imprimante ya Xerox yenye kukwamisha karatasi kila mara. Aliomba kodi ya programu yake ili airekebishe, wakamukatalia. Kukataliwa kule kulimuchoma, na mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, ambao bila yeye Linux ya leo isingekuwa vile tunaijua. Harakati nzima ya programu huru ina imprimante kwenye mizizi yake.

Tunajua swali litakalokuja: watu wanauawa vijijini, nyinyi munaongea imprimante? Ndiyo, juu ya wale wale wanaouawa. Jina lisiloandikwa linasahaulika, na jina lililoandikwa pahali pabaya linaweza kuua mwenye kulitaja.

Kwa hiyo tunaomba:

1. Ofisi za serikali, masomo na vyuo vikuu vya Bunia: mukinunua kwa franga za raia, muandike kwenye masharti kama imprimante na skana zifanye kazi kwenye Linux bila programu iliyofungwa. Musitufunge kwa kampuni moja.

2. Wenye sekretaria: mufute faili ya mteja mbele ya macho yake kazi ikiisha. Na muweke hata mashine moja ya Linux, virisi vya flashi vitapunguka.

3. Sisi vijana: kabla ya kulipa, tuangalie modeli kwenye orodha ya OpenPrinting kwa imprimante, na ya SANE kwa skana. Wenye mega wapakue programu za kuweka na kuzigawa kwa flashi. Mwenye kujua afundishe wawili.

Muuzaji akisema "hii ni muzuri sana, na bei iko chini", mujibu kwa swali moja: "Inatembea na Linux?" Asipojua, muombe ajaribu mbele yako. Akikataa kujaribu, beba franga zako, enda duka la pili.