Triko za matanga Kisangani: kwa nini sura ya marehemu inafutika mapema

Kisangani, kilio hakikamiliki tena bila triko. Jamaa wameketi chini ya hema, mmoja anatoa picha kwenye simu, kijana wa sekretaria anaambiwa triko thelathini zinahitajika kesho asubuhi, na usiku uleule kazi inaanza. Siku ya mazishi kila kitu kinapendeza: sura iko wazi, jina, tarehe mbili, maneno ya kuaga. Shida inakuja nyuma. Kufua mara ya kwanza, weusi wa nywele unatambaa hadi kwenye paji la uso. Kufua mara ya tatu, sura imegeuka ya waridi ama ya kijani, ama imepasuka kama rangi ya ukuta wa zamani. Siku ya kuondoa matanga, siku ambayo triko ileile inapaswa kuvaliwa tena, familia inasimama mbele ya watu na kivuli kifuani.

Lawama yote inamwangukia kijana aliyechapa. Mama mwenye kilio anamwambia ametumia wino bandia, kijana anajibu kwamba mama amefua vibaya, na mara nyingi kunafika hadi kwa chef wa kata kwa ajili ya nusu ya pesa iliyobaki. Kila mmoja ana ukweli wake kidogo. Lakini ukifuata triko moja kuanzia karatasi hadi kwenye beseni, unakuta mambo mawili yanayoamua karibu kila kitu: aina ya wino, na joto. Na joto, hapa Boyoma, ni habari ya SNEL.

Chupa zinafanana, wino si mmoja

Mashine ndogo za kuchapa zinazotumika nyumbani na kwenye sekretaria ni zile za kunyunyiza wino. Kartushi za asili ni ghali, kwa hiyo karibu kila mtu anajaza wino wa chupa, rangi nne: nyeusi, njano, nyekundu ya waridi na buluu. Chupa hizo zinafanana sana, lakini ndani mna vitu tofauti.

Kuna wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa ndani ya maji, kama sukari ndani ya chai. Ni wa bei ya chini, unang'aa kwenye karatasi ya picha, ndiyo maana unapendwa. Lakini kilichoyeyuka ndani ya maji jana kitayeyuka tena kesho kikikutana na maji. Kuna wino mwingine ambao rangi yake ni vumbi laini sana linaloelea. Likikauka, linabaki pale, maji hayaliondoi kirahisi, na jua halilili haraka. Huo unaitwa wino wa pigmenti, na ndio unaofaa kwa karatasi ya kuhamishia picha kwenye nguo ya pamba. Mashine nyingine zinakuja na wino mweusi wa pigmenti na rangi tatu za kawaida. Hapo ndipo utaona triko ambayo maandishi meusi yamebaki imara, lakini sura imekimbia.

Wino wa tatu unaleta hasara kubwa zaidi, kwa sababu jina lake linasifiwa sana: wino wa sublimasio. Huu, ukipata joto la karibu nyuzi 200, unageuka mvuke na kuingia ndani ya uzi. Ukishaingia hautoki. Ila unaingia kwenye poliesta tu. Kwenye pamba unakaa juu juu siku moja, sabuni inaupeleka. Kijana anayenunua chupa hiyo sababu ameambiwa "haifutiki", halafu akachapa kwenye triko ya pamba, ametupa pesa yake na ya mteja.

Kuna jaribio lisilo na gharama. Chapa picha ndogo kwenye karatasi ya kawaida, iache ikauke saa moja, kisha dondosha tone la maji juu yake na upanguse kwa kidole. Rangi ikienea kama chai iliyomwagika, wino huo si wa kuweka sura ya marehemu kwenye triko. Mteja pia anaweza kuomba jaribio hilo lifanywe mbele yake. Si kumtukana fundi.

Joto linatafutwa usiku

Hata wino mzuri haushiki wenyewe. Karatasi ya kuhamishia ina ngozi nyembamba ya plastiki. Joto linaiyeyusha, mkandamizo unaisukuma ndani ya nyuzi za nguo, na inapopoa inaufunga wino ndani yake. Joto likipungua, ngozi inashika nusu. Maji yanapita pembeni, wino unavuja, ncha zinaanza kubanduka. Watu wanasema rangi imefifia, lakini mara nyingi hakuna kilichofifia: ngozi ndiyo haikuwahi kushika.

Sasa weka jambo hilo ndani ya mji huu. Kisangani ina watu zaidi ya milioni moja, na umeme wake unategemea kituo cha mto Tshopo, kilichojengwa miaka ya 1950 wakati wa Wabelgiji. Kina mitambo mitatu, jumla kama megawati 19 ikiwa yote inazunguka. Wakaaji wa Makiso, Mangobo, Kabondo na komini nyingine wanajua ni mara ngapi mmoja ama miwili inakuwa imesimama. Umeme unagawanywa kwa zamu, na mara nyingi unarudi watu wakiwa wamelala.

Mashine ya kuchapa yenyewe haina njaa. Inakula kama wati 10 hadi 20. Betri na sahani ndogo ya jua inatosha. Pasi ndiyo inayokula: wati 1000 na zaidi, na mashine ya kukandamiza triko inafika 1500. Vile vigrupe vidogo vinavyolia mbele ya maduka, vya wati 650 hadi 800, haviwezi kuibeba. Kwa hiyo kazi inakatika vipande viwili. Mchana karatasi zinachapwa, halafu zinangoja. Usiku wa manane umeme unarudi, fundi anaamka, anapiga triko thelathini mbiombio kabla haujakatika tena.

Vipande hivyo viwili vyote vina madhara. Karatasi inayongoja saa nane ama kumi katika hewa ya Kisangani, mji ulio karibu kabisa na ikweta na usiojua kiangazi cha kweli, inakunywa unyevu. Wino unaanza kutambaa hata mbele ya kufika kwenye nguo. Ukitazama ukingo wa nywele kwa makini utaona manyoya madogo ya rangi. Na ule umeme wa usiku mara nyingi ni dhaifu. Pasi ya volti 220 ikipewa 160 tu, nguvu yake ya kupasha inashuka hadi karibu nusu. Taa yake inawaka, fundi anaona inafanya kazi, anahesabu sekunde zilezile za siku zote. Triko ya kwanza inapata joto kamili, ya tano inapata kidogo, ya ishirini imepata jina tu. Ndiyo maana katika familia moja triko ya shangazi inabaki nzuri na ya mjomba inaharibika, na ugomvi unazidi sababu hakuna anayeelewa tofauti imetoka wapi.

Wengine wamerudi kwenye pasi ya makala, na hawastahili kuchekwa. Sahani yake ni nzito na haina matundu. Pasi ya kisasa ya mvuke ina matundu chini, na kila tundu linaacha alama ya duara ambapo picha haikushika. Ubaya wa pasi ya makala ni kwamba haina kipimo, na cheche moja inatosha kutoboa triko. Kipande cha nguo chakavu cha pamba kinafaa kwa kujaribia: kikianza kugeuka rangi ya kahawia ndani ya sekunde chache, joto limezidi.

Kampeni ilizoesha watu kazi ya siku moja

Biashara hii haikuanzia kwenye matanga peke yake. Kampeni ya uchaguzi ya 2023, kuanzia tarehe 19 Novemba hadi 18 Desemba, ilifungulia milango vijana wengi. Vyama vikubwa vinaweza kuagiza mafurushi yaliyochapwa tayari, lakini mgombea mdogo wa ubunge wa jimbo ama wa baraza la komini anatafuta triko ishirini, leo, kwa bei ya chini kabisa. Triko ya kampeni haihitaji kuishi. Inavaliwa kwenye mkutano, mwenye toleka anaikanyagia baiskeli wiki mbili, kisha inakuwa kitambaa cha kupangusia mnyororo. Hakuna aliyerudi kwa fundi kulalamika kwamba sura ya mgombea imefutika; pengine wengine walifurahi.

Shida ni kwamba bei na mwendo wa kampeni vimebaki kuwa kipimo. Familia iliyofiwa inataka bei ileile na haraka ileile, lakini inataka kitu kinachodumu. Fundi naye anaogopa kusema hapana, kwani jirani yake mita 20 mbele atasema ndiyo. Hapo ndipo soko linapodanganya pande zote mbili.

Kuna uchungu wa kipekee kuona hayo katika mji huu. Kisangani ndiyo mji wa SOTEXKI, kiwanda cha nguo kilichoanza miaka ya 1970 na ambacho vitenge vyake wamama wengi bado wanavikumbuka. Kiwandani rangi inaingia ndani ya uzi, inafungwa kwa joto na dawa, kisha nguo inaoshwa ili rangi iliyozidi iondoke mbele ya kufika sokoni. Kitenge kinachakaa na maua yake bado yako pale. Kiwanda kilipodhoofika sana, ujuzi huo haukuhamia kwenye vibanda. Vijana wamejifunza kwa video za simu, zilizorekodiwa katika nchi ambazo umeme haukatiki na hewa ni kavu. Video inasema sekunde 20 kwa nyuzi 185; haisemi ufanye nini SNEL ikikupa nusu.

Hata karatasi yenyewe inafika imechoka. Inatoka Kinshasa kwa ndege ama kwa boti, zaidi ya kilomita 1700 za mto, ama inapita barabara ya taifa namba 4 kutoka upande wa Beni na mpaka wa Uganda, njia ambayo vita na matope vinaifunga mara kwa mara. Pakiti ikifunguliwa na kuuzwa kwa karatasi moja moja sokoni, imekwisha kunywa unyevu.

Kinachowezekana na umeme uleule

Fundi hawezi kutengeneza mtambo wa Tshopo. Anaweza kubadilisha mpangilio. Karatasi zilizochapwa ziachwe zikauke nusu saa hivi, kisha zifungwe kwenye mfuko wa plastiki usioingiza hewa mpaka umeme urudi. Triko ipigwe pasi tupu sekunde kadhaa mbele ya kuweka karatasi, ili unyevu wake utoke. Mvuke wa pasi uzimwe, maji yamwagwe kabisa. Chini kuwe na ubao mgumu. Godoro ama meza ya kupigia pasi yenye sifongo inakula mkandamizo wote. Umeme ukiwa dhaifu, pasi iachwe ipate nguvu tena kati ya triko moja na nyingine, na picha ipitiwe kwa muda mrefu zaidi, hasa kwenye pembe. Ni kweli, triko thelathini zitakuwa kumi na tano kwa usiku mmoja. Basi bei iseme hivyo.

Karatasi kwa nguo nyeupe na karatasi kwa nguo nyeusi si kitu kimoja pia. Ile ya nguo nyeusi ina tabaka jeupe nyuma, ni nzito, na inapasuka mapema. Kwa kilio, triko nyeupe ya pamba inadumu kuliko nyeusi, hata kama nyeusi inaonekana ya heshima zaidi. Kampala na Nairobi wengi wamehamia kwenye filamu ya DTF, yenye gundi ya unga, inayoshika nguo ya rangi yoyote na kuvumilia kufuliwa. Lakini unga huo nao unakunywa unyevu, na mashine yake inataka umeme usiokatika. Kwa Boyoma ya leo si dawa rahisi.

Upande wa nyumbani, siku moja kamili ipite mbele ya kufua. Triko igeuzwe ndani nje, maji baridi, sabuni kidogo, bila javeli na bila kusugua juu ya jiwe. Ianikwe kivulini, kwani jua la saa sita linakula wino kuliko sabuni. Pasi isiguse picha. Wengine wanaloweka triko kwenye siki na chumvi ili rangi ishike. Kwa picha ya karatasi hiyo haisaidii kitu, sababu wino uko ndani ya plastiki, si ndani ya uzi.

Maelezo hayo yanaingia kwenye kikaratasi kidogo cha kukabidhi pamoja na triko, na fundi anayeandika juu yake aina ya wino na ya karatasi aliyotumia anakuwa na jibu siku mteja akirudi. Jambo la mwisho linasahaulika zaidi: faili ya picha. Vibanda vingi vinaifuta kazi ikiisha ili kupata nafasi kwenye mashine, na simu ya marehemu mara nyingi imeshauzwa ama imeharibika. Familia iombe nakala ya faili hiyo siku ileile inapochukua triko.