Bustani Yetu: Mwasumini Kwenye Kopo

Tangu Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, wengi wetu wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado tumehama mara mbili, tatu. Mwasumini nao huhama, tena bila mbegu. Kijiti tu kinatosha.

Kata tawi lisilo changa sana wala gumu kama kuni, refu kama kiganja. Ondoa majani ya chini, bakiza mawili juu. Toboa kopo la mafuta chini, tia mchanga na udongo kidogo, zika nusu ya kijiti, weka kivulini. Mizizi hushika baada ya wiki 4 hadi 6. Jamani, watoto wasiking'oe kila asubuhi kutazama!

Kikichipua, ongeza samadi ya mbuzi iliyokauka na ukisogeze juani. Kivulini utapata majani matupu.

Wengine watasema, maji ya foleni tumwagie ua? Wana haki. Basi mpe maji uliyooshea mchele. Ya chumvi hapana.

Maua yakiisha, punguza matawi, kwani maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Vitumba vichumwe jioni. Usiku hufunguka vyenyewe, na hapo ndipo mama apate kikuba chake.

Sisi tunashauri kopo kuliko ardhini, maana siku ya kuondoka hatuijui. Ikija ghafla na kopo halibebeki, funga vijiti viwili vitatu kwa kitambaa kibichi. Huvumilia siku moja au mbili njiani.