Usiku si Mchana Uliopakwa Buluu

Mwaka uliopita nilialikwa kuwa mmoja wa waamuzi katika maonyesho ya picha za pikseli zilizochorwa na wanafunzi wa chuo kimoja ambacho sitakitaja. Shindano lilihusu usiku. Nilipofika mbele ya picha iliyokuwa ikisifiwa kuliko zote, nilimwuliza mchoraji wake, kijana mwenye adabu na mkono mwepesi, namna alivyoifanya. Akanijibu bila kusita, "Mwalimu, nilichora mchana kwanza, kisha nikamwaga buluu juu yake, nikaongeza taa." Waamuzi wenzangu waliridhika, wakampa tuzo. Mimi sikuridhika, na makala haya ni deni nililobaki nalo tangu siku ile.

Kwa msomaji ambaye sanaa hii ni ngeni kwake, yatosha kusema kwamba picha ya pikseli hujengwa kwa nukta ndogo za mraba katika kioo cha kompyuta, na kila nukta huwekwa mahali pake kwa hiari ya mchoraji, kama mtunga shanga atungavyo ushanga wake. Sanaa hii ilizaliwa na ufukara wa mashine. Kompyuta za IBM zilizotumia kadi ya rangi iitwayo EGA, iliyotolewa mwaka 1984, aghalabu zilionyesha michezo kwa upana wa nukta 320 na kimo cha nukta 200, yaani nukta 64,000 kwa jumla, na rangi zilikuwa 16 tu ambazo mchoraji hakuweza kuzibadili. Leo ufukara huo umekwisha, na simu ya mfukoni huonyesha rangi kwa mamilioni. Basi anayechora kwa pikseli siku hizi ameuchagua ufukara kwa hiari yake, na mwenye kuchagua ufukara hana udhuru wa kuutumia ovyo.

Dai langu ni kwamba usiku wa picha haupatikani kwa kuupunguzia mchana nuru. Mchana una taa moja, nayo ni jua; humulika kila kitu, na hata palipo na kivuli mbingu hupaangaza. Usiku una taa nyingi ndogo, na kila taa ina milki yake na mpaka wake. Aliyelelewa katika nyumba ya koroboi anaijua habari hii kabla ya kuisoma popote. Koroboi likiwekwa sakafuni, huonekana mikono ya bibi anayechambua mchele, ukingo wa ungo, na nusu ya uso wake kutoka chini; ukuta wa nyuma huujui kwa macho, unaujua kwa kumbukumbu. Wataalamu wa fizikia hueleza kwamba kitu kikiwekwa mbali na taa ndogo mara mbili ya kwanza, nuru kinayoipata huwa robo. Haipungui polepole kama watu wadhanivyo, huanguka. Basi mchoraji anayeizungushia taa yake pete tano za manjano zenye upana sawa, kila moja imefifia kidogo kuliko mwenziwe, hajachora nuru. Amechora kitunguu kilichokatwa.

Nirudi kwenye picha ya yule kijana, kwa kuwa makosa yake ni ya wengi. Chini ya upenu wa nyumba palibaki kivuli kilichokatwa na jua la saa sita mchana, ilhali jua halipo. Mwezi ulikuwa nyuma ya nyumba, na ukuta wa mbele uking'aa. Taa ya barabarani iliwaka juu ya mlingoti, lakini mchanga uliokuwa chini yake ulikuwa na rangi ile ile ya mchanga uliokuwa mbali nayo. Niliitazama taa ile kwa huruma. Ilikuwa ikiwaka bila kumfaa mtu.

Na hiyo buluu je? Watu humwaga buluu kwa sababu wamewaona wengine wakiimwaga, nao hawaulizi imetoka wapi. Nuru ya mwezi ni nuru ya jua iliyorudishwa na mawe ya kijivu, na kwa kweli wekundu wake umezidi kidogo ule wa jua lenyewe. Ubuluu tunaouona umo katika jicho letu. Jua hung'aa takriban mara 400,000 kuliko mwezi mpevu, na jicho haliwezi kutumia vyombo vile vile kwa nuru zilizoachana hivyo. Katika karne ya 19 mtaalamu wa Bohemia, Jan Evangelista Purkyně, aliona kwamba giza linapoingia maua mekundu huwa ya kwanza kufifia, hata yakakaribia weusi, ilhali majani na vitu vya samawati hubaki na mng'ao wake kwa muda mrefu zaidi. Hili laweza kujaribiwa na yeyote mwenye mkilimanjaro ulioota uani, jioni baada ya magharibi. Programu inayomwaga buluu haijui habari hii. Huipunguza nyekundu na kijani kwa kipimo kimoja, na ua likabaki jekundu katika usiku ambao lilipaswa kuwa shimo jeusi kati ya majani. Buluu inafaa, sikatai. Lakini haina budi kuchaguliwa rangi kwa rangi, na anayeichagua ajue kwa nini.

Hayo ni ya nuru. Katika mpangilio wa picha usiku una faida moja ambayo mchana haunayo, nayo ni ruhusa ya kuficha. Kazi moja mashuhuri itatosha kuwa shahidi. Mwaka 1990 kampuni ya Lucasfilm Games ilitoa mchezo uitwao The Secret of Monkey Island, uliobuniwa na Ron Gilbert. Miongoni mwa wachoraji wake walikuwamo Steve Purcell na Mark Ferrari. Sehemu yote ya kwanza hupita usiku katika kisiwa cha Mêlée. Katika picha zake za rangi 16, mbingu ni buluu, vilima na mapaa ni maumbo meusi yaliyokatwa juu ya mbingu hiyo, na madirisha ni vijiraba vya manjano. Hakuna zaidi. Jicho halina pa kwenda isipokuwa dirishani, na likifika dirishani moyo huuliza nani yumo ndani. Huo ndio mpangilio: pahali penye giza panafanya kazi sawa na pahali penye nuru, na penye giza ni pengi zaidi.

Mwaka 2009 mchezo huo ulitolewa upya kwa picha zilizochorwa kwa ufasaha wa mashine za siku hizi, na mchezaji aliweza kubonyeza kitufe kimoja akahama baina ya picha mpya na zile za zamani zenye rangi 256. Nimekibonyeza kitufe hicho mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mwenye kazi. Picha mpya ni safi, na mimi naziona dhaifu. Kila ubao umeonyeshwa, kila jiwe lina nyufa zake, na usiku ambao kila ubao wake waonekana hauna mahali pa kumficha haramia.

Sasa nije kwa mtindo unaotawala, maana ndio hasa ulionisukuma kushika kalamu. Mji wenye mvua, mabango ya taa za waridi na zambarau, ukungu wa mwanga uliopakwa na programu juu ya kila kitu, na mwezi mkubwa kama sinia. Kila taa imepewa uzito sawa, na palipo na taa arobaini zenye uzito sawa hapana taa hata moja. Ukungu ule wa mwanga ni kosa jingine. Hulazwa juu ya picha iliyokwisha kamilika, ukafuta kingo za nukta ambazo mchoraji alizihesabu kwa usiku mzima. Ni sawa na kutunga ushanga kisha kuupaka uji. Hata mvua hawaitazami. Taa ikiakisiwa juu ya maji yenye viwimbi, mwako wake hurefuka kumwelekea mtazamaji, umekatikakatika kwa mistari ya kulala. Wao huipindua taa juu chini kama juu ya kioo, wakaita maji.

Ama mwezi, tuuhesabu. Upana wake angani ni takriban nusu digrii. Picha yenye upana wa nukta 320, ikionyesha digrii 60 za upeo, ingeupa mwezi nukta zisizofika tatu. Sisemi uchorwe kwa nukta tatu. Mchoraji ana hiari ya kuukuza apendavyo. Nasema tu kwamba akiukuza mara ishirini, ajue ameongeza sauti katika mazungumzo, na vingine vyote vitalazimika kunyamaza. Ila nyota iliyochorwa katikati ya pembe za mwezi mwandamo haina utetezi wowote. Upande wa giza wa mwezi upo. Ni jiwe, na nyota haionekani kupitia jiwe.

Wapo watakaonipinga kwa kumtaja huyo huyo Ferrari. Watasema katika miaka ya 1990 alichora mandhari za rangi 256 ambazo huhama kutoka asubuhi hadi usiku bila nukta hata moja kuchorwa upya. Rangi pekee ndizo zinazobadilika. Je, huo si mchana uliogeuzwa usiku? Hoja ni nzuri, lakini haina haja ya kuniogopesha. Katika ufundi ule kila nukta hubeba namba, na kila namba hupewa rangi yake katika orodha. Ili dirisha liwake usiku na ukuta uliolizunguka usiwake, nukta za dirisha lazima ziwe na namba zao tangu mwanzo, hata kama mchana rangi zao zinafanana na za ukuta. Maana yake, mchoraji aliujua usiku alipokuwa akichora mchana. Yule kijana wetu aliukumbuka usiku baada ya kumaliza.

Na wapo wasomi, baadhi yao wenzangu katika barza, wanaosema kwamba haya yote ni mambo ya michezo ya watoto, hayastahili kurasa za jarida kama hili. Hao nawakumbusha James Whistler, aliyechora fataki za usiku juu ya bustani ya Cremorne mjini London. John Ruskin, mhakiki mkubwa wa zama zake, aliidhihaki picha ile mwaka 1877, na Whistler akamshitaki. Alipoulizwa mahakamani iweje adai fedha nyingi kwa kazi ya siku mbili, alijibu kwamba alidai kwa ajili ya ujuzi wa maisha yake. Alishinda kesi mwaka 1878, akapewa fidia ya farthing moja, sarafu ndogo kabisa ya Uingereza, na mwaka uliofuata akafilisika. Ruskin alikuwa msomi kuliko sisi sote.

Yule kijana alikuja kunitembelea baada ya miezi miwili, na nilidhani amekuja kugombana. Alileta picha nyingine ya nyumba ile ile. Ameuondoa mwezi. Amebakisha rangi sita, na taa moja nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, ikikata ufito wa manjano juu ya kizingiti na ukingo wa mtungi. Paa linajulikana tu kwa kuwa nyota hazipo mahali pale. Tulibishana hadi adhana ya alasiri. Mimi naona mtungi bado una nukta mbili za mwanga zilizozidi, upande wa kushoto, ambako nuru ya mlango haifiki. Yeye anasema zimetoka kwenye jiko lililo nje ya picha.