Helmeti ya lami, njia ya vumbi: Kwa nini wahudumu wa bodaboda Mugutha huivua

KATIKA vituo vya bodaboda vilivyotapakaa kati ya Ruiru na Juja, helmeti hazikosekani. Kinachokosekana ni kichwa ndani yake. Huning'inia kwenye usukani, hulazwa juu ya tangi la petroli au huvikwa kiwiko cha mwendeshaji kama bangili, na ni pale tu sare ya polisi inapochungulia mbele ndipo hukumbukwa kazi iliyotengenezewa.

Sheria haina utata. Sheria ya Trafiki inamlazimu mwendeshaji pikipiki na abiria wake kuvaa helmeti, na kanuni za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani na Uchukuzi (NTSA) za mwaka 2015 zikaongeza kwamba mhudumu awe na vifaa vya kujikinga vya kwake na vya abiria. Hata hivyo, zaidi ya watu 4,700 waliaga dunia katika barabara za Kenya mwaka 2024, na kama ilivyo ada, watembea kwa miguu na watumiaji wa pikipiki walikuwa miongoni mwa makundi yaliyoathirika zaidi. Si ajabu kwamba katika hospitali nyingi nchini wadi za majeruhi wa mifupa zimepachikwa jina la wadi za bodaboda.

Maelezo mepesi ya hali hii ni kwamba wahudumu ni wakaidi na hawajali maisha yao. Ndiyo maelezo yanayopendwa na maafisa wanapohutubia mikutano ya usalama barabarani. Yana ukweli kiasi, lakini yanaliacha swali moja muhimu bila jibu: je, helmeti anayouziwa mhudumu huyu ilibuniwa kwa ajili ya kazi anayoifanya?

Mugutha ni mahali pazuri pa kulitafutia jibu. Mtaa huu wa Kaunti ya Kiambu umekua haraka tangu barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012. Mashamba yalikatwakatwa kuwa ploti, nyumba za kupangisha zikachipuka, na wafanyakazi wa Nairobi, Ruiru na Thika wakahamia huko wakifuata kodi nafuu. Matatu huwashusha kando ya lami. Kutoka hapo hadi mlangoni, kazi ni ya bodaboda.

Safari hiyo huwa fupi lakini ina sura mbili. Mhudumu huanza kwenye barabara pana ambako malori na mabasi hupita kwa kasi, kisha huchepuka na kuingia njia za udongo ambazo wakati wa kiangazi hufuka vumbi na wakati wa masika hugeuka tope la kunata. Baadhi ya njia zimewekwa lami katika miaka ya karibuni, nyingine bado zinasubiri ahadi. Kwa siku moja mhudumu anaweza kuvuka mpaka huo wa lami na udongo mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu.

Kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani, uendeshaji wa aina hii una pikipiki zake na helmeti zake. Pikipiki hizo hujengwa zistahimili barabara na pori kwa pamoja, na helmeti yake huwa na kichungi cha jua juu ya paji la uso, kioo cha kufunga na kufungua, kinga ya kidevu iliyosogezwa mbele ili mpandaji apumue, na matundu mengi ya hewa. Humo ndani mna nafasi ya kuvalia miwani ya vumbi. Anayeinunua huwa ni mtu wa starehe za mwisho wa wiki. Mhudumu wa Mugutha, aliye juu ya Boxer au TVS iliyoundwa kwa barabara za kawaida, huendesha katika mazingira hayo hayo siku sita au saba kwa wiki, akiwa na helmeti ya bei ya chini kabisa sokoni.

Matakwa yake si mengi. La kwanza ni hewa. Injini ya pikipiki iko katikati ya magoti, jua liko utosini, na mwendo ndani ya mtaa ni wa polepole mno kuleta upepo wa kupoza. Helmeti inayofunika uso mzima ambayo haina matundu ya maana hugeuka chungu kilichofunikwa.

Mhudumu hutaka pia kusikia. Riziki yake hutegemea mluzi wa mteja upande wa pili wa barabara, honi ya lori lililo nyuma na simu inayolia mfukoni. Wengi huipachika simu kati ya sikio na helmeti ili wazungumze wakiendesha, tabia ya hatari inayodhihirisha namna kifaa hiki kilivyolazimishwa kutumikia haja ambazo aliyekibuni hakuziwazia.

Kisha yapo macho, na hapa ndipo tatizo kubwa lilipo. Vumbi la kiangazi hukikwaruza kioo cha plastiki kila kinapofutwa kwa kitambaa kikavu. Baada ya miezi michache kioo huwa na ukungu wa mikwaruzo, na usiku taa za gari linalokuja hutawanyika juu yake hadi mwendeshaji asione shimo wala mtu. Katika baridi ya Julai, ambayo wakazi wa Kiambu wanaijua vyema, pumzi huganda kwenye kioo alfajiri. Aidha, helmeti nyingi za bei nafuu huuzwa zikiwa na kioo cheusi, kinachopendeza mchana lakini kisichofaa kabisa giza likiingia. Mhudumu hukifungua kioo, vumbi likamwingia machoni, na mwishowe akaivua helmeti yote. Kwa hesabu yake ya wakati huo, kuona ni usalama zaidi kuliko kujifunika. Hesabu hiyo ina kasoro, lakini si ya mwendawazimu.

Kuna jambo jingine lisilotajwa katika vitabu vya wahandisi. Mteja wa bodaboda, hasa mwanamke anayeshuka kwenye matatu usiku, hutaka kuuona uso wa anayempeleka nyumbani. Visa vya wahalifu kutumia pikipiki vimeifanya helmeti iliyofunga uso, yenye kioo cheusi, ionekane kama barakoa ya jambazi. Benki na maduka mengi huwataka waendeshaji wazivue kabla ya kuingia. Hivyo basi, mhudumu anayetii sheria kikamilifu anaweza kumpoteza mteja kwa mwenzake aliye wazi kichwa.

Kwa upande wa abiria mambo ni magumu zaidi. Helmeti ya pili, pale inapokuwepo, huwa imepita vichwa vya watu wasiohesabika tangu asubuhi. Abiria huhofia jasho la wengine, mba na mashilingi. Janga la Covid-19 mwaka 2020 lilizidisha hofu hiyo. Kina mama waliolipia saa kadhaa za kusukwa hawako tayari kuziharibu kwa safari ya dakika tano, na anayevaa kilemba au hijabu hukuta kwamba helmeti haimkai. Kuwaambia hawa wote kwamba uhai una thamani kuliko nywele ni kweli, lakini hakujawahi kumvisha mtu helmeti.

Waliolishughulikia suala hili kwa vitendo wapo. Kampuni ya SafeBoda, iliyoanzishwa Kampala mwaka 2014, iliwapa wahudumu wake helmeti za rangi ya machungwa, moja ya mwendeshaji na nyingine ya abiria, pamoja na vifuniko vya nywele. Ilifika Nairobi mwaka 2018, ikaondoka mwishoni mwa 2020 biashara ilipodorora. Nchini Rwanda, abiria wa pikipiki kuvaa helmeti ni jambo la kawaida kiasi kwamba mgeni kutoka Kenya hulishangaa. Tofauti kati ya Kigali na Ruiru haimo katika vichwa vya watu. Kule, pikipiki isiyo na helmeti ya abiria haifanyi kazi ikafika mbali.

Lakini kuvaa ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni ubora, na hapa inafaa kueleza helmeti hufanya nini hasa.

Helmeti ilianza kuchukuliwa kwa uzito baada ya daktari mpasuaji wa ubongo Hugh Cairns, mmoja wa waliomtibu T. E. Lawrence alipopata ajali ya pikipiki Uingereza mwaka 1935 na kufariki, kuchapisha mwaka 1941 uchunguzi wake kuhusu majeraha ya kichwa ya waendeshaji pikipiki wa jeshi. Helmeti za wakati huo zilikuwa gamba gumu tu. Mwaka 1953 huko Marekani, Profesa C. F. Lombard wa Chuo Kikuu cha Southern California alipata hataza ya helmeti yenye tabaka la ndani linalobonyea na kumeza nguvu ya mgongano. Tabaka hilo, ambalo siku hizi hutengenezwa kwa povu gumu jeupe linalofanana na lile linalofungiwa televisheni mpya, ndilo linalookoa ubongo. Likishabonyea halirudi. Helmeti iliyokwishapata ajali moja kubwa imemaliza kazi yake, hata kama gamba linang'aa.

Katika helmeti nyingi za rahisi, tabaka hilo ni jembamba mno au limebadilishwa kwa sponji laini ya kustarehesha kichwa. Mnunuzi akiibonyeza kwa kidole huisifu kwa ulaini, kumbe ulaini huo ndio kasoro. Kanuni nambari 22 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa Ulaya na nchi nyingine nyingi, huitaka helmeti istahimili kuangushwa ikiwa na kichwa cha chuma ndani yake kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita tatu. Toleo la sita la kanuni hiyo, lililoanza kutumika mwaka 2021, liliongeza vipimo vya mgongano wa mshazari, kwa kuwa kichwa hakigongi lami kikiwa wima kila mara.

Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) lina kiwango chake cha helmeti za pikipiki. Kwa maandishi, basi, Kenya haijapungukiwa. Pengo liko kati ya maandishi hayo na kibanda cha vipuri kando ya barabara, ambako helmeti hupangwa juu ya meza pamoja na vioo vya pembeni na minyororo, nembo za ubora zikiwa zimebandikwa kwa stika ambayo mtu yeyote aweza kuichapisha. Mhudumu anayetaka kununua kitu halali hana namna ya kukitambua. Basi hununua kwa bei, na helmeti ya takriban Sh1,000 hushinda kila siku ile inayouzwa mara tano yake, hasa kwa mtu anayelipa mkopo wa pikipiki kila jioni.

Ikumbukwe kwamba serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zenye injini ya chini ya cc 250 mwaka 2008, pikipiki zilimiminika nchini na vijana wengi wakapata ajira. Ulikuwa uamuzi mwema kwa mifuko ya watu. Usimamizi wa helmeti haukukimbia kwa kasi hiyo.

Vietnam, nchi yenye joto na pikipiki tele kama sisi, ilianza kutekeleza sheria ya helmeti kwa kila mpandaji mnamo Desemba 15, 2007, na matumizi yakapanda kutoka chini ya nusu ya waendeshaji hadi zaidi ya asilimia 90. Kilichosaidia ni kwamba kabla ya hapo, tangu 2002, kiwanda cha Protec jijini Hanoi kilikuwa kimeanza kutengeneza helmeti nyepesi za nchi za joto, zenye matundu na zisizofunika masikio. Hata hivyo soko lilifurika helmeti bandia, na wengi waliotii sheria walivaa plastiki tupu. Sheria iliwafikia waendeshaji kabla ya kuwafikia wauzaji. Kenya inaelekea kurudia kosa hilo bila hata kupata faida ya asilimia 90.

Helmeti wazi ya aina ya Vietnam haiwezi kuwa jibu kamili kwa Mugutha. Tafiti za ajali zilizofanywa Ujerumani zilionyesha kwamba takriban thuluthi moja ya migongano ya helmeti hutokea sehemu ya uso na kidevu. Anayeteleza kwenye tope aweza kuangukia bega, lakini anayegongana na probox kwenye barabara kuu huenda akatangulia kwa taya. Kwa upande mwingine, kile kichungi kirefu cha jua cha helmeti za porini hushikwa na upepo kwenye mwendo wa kasi na kuivuta shingo. Kinachofaa ni kitu cha katikati: gamba jepesi, kinga ya kidevu yenye nafasi ya kupumua, kioo cheupe kinachobadilishwa kwa bei ya soda kadhaa, kichungi kifupi, kitambaa cha ndani kinachotolewa na kufuliwa, na mshipi wa kidevu unaofungika kwa mkono mmoja. Mshipi usipofungwa, vyote hivyo ni bure, kwani helmeti hutoka kichwani kabla kichwa hakijafika chini.

Kitu kama hicho si ndoto. Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) na mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa wa usalama barabarani, Jean Todt, wamekuwa wakipigia debe helmeti zenye matundu ya hewa zinazotimiza kanuni ya 22 kwa bei isiyozidi dola 20. Hiyo ni takriban Sh2,600. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 na mtandao wa Cochrane ulikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69.

Kwa mwendeshaji anayelipa mkopo kila siku, Sh2,600 kwa mkupuo ni nyingi, sembuse helmeti mbili. Ndiyo maana mahali pa kuanzia ni kwa wanaouza pikipiki kwa mkopo na kwa vyama vya akiba vya wahudumu, vinavyoweza kununua kwa jumla na kukata shilingi chache kila siku, badala ya mhudumu mmoja mmoja kuachwa na meza ya vipuri. Pikipiki mpya kwa kawaida hutoka dukani ikiwa na helmeti. Mkaguzi wa KEBS angeanza na hiyo, akaikata katikati, akapima unene wa povu lililo ndani.