Kiindonesia kipitie Kiswahili cha Katuba

Msimamo wangu ni huu: mwanafunzi wa Katuba anayetaka kujifunza Kiindonesia apitie Kiswahili cha nyumbani kwao, asipitie Kifaransa peke yake. Na fakulte yetu ingefanya vema kumfungulia njia hiyo.

Vitabu vya sarufi nilivyovipata mimi vimeandikwa kwa Kifaransa, na vinamweleza msomaji kama maajabu mambo ambayo sisi tunayaishi kila siku. Chukua swali "Sudah makan?" Asiyekula hajibu "tidak", yaani hapana, anajibu "belum". Katuba mama anauliza "Ulishakula?", mtoto anajibu "Bado". Kijana wa Jakarta akiulizwa kama ameoa, atasema "belum", kama vile wa kwetu atakavyosema "bado", maana kukana kabisa ni kama kujifungia mlango. Chukua pia ukanushi. "Saya bukan guru" ni "mimi si mwalimu". "Saya tidak membaca" ni "sisomi". Kifaransa kinakanusha jina na kitenzi kwa njia ile ile. Kiindonesia na Kiswahili vinatenganisha.

Uundaji wa maneno nao hautushangazi. Kutoka shina "ajar" Waindonesia wanapata "belajar" (kujifunza), "mengajar" (kufundisha), "pelajar" (mwanafunzi), "pengajar" (mwalimu) na "pelajaran" (somo). Aliyezoea funza, jifunza, mafunzo, mwanafunzi na mkufunzi anajua tayari kwamba neno linatafutwa kwenye shina lake. Msamiati wa kila siku nao umejaa ndugu: kabar na habari, waktu na wakati, kertas na karatasi, sabun na sabuni, meja na meza, bendera na bendera. Kiarabu na Kireno vilipita pande zote mbili za Bahari ya Hindi na biashara, vikaacha mizigo ile ile.

Sisemi Kiswahili kinafungua kila kitu. "Dua" kwao ni mbili, si maombi. Kitenzi chao hakibebi wakati. "Kemarin" (jana) au "besok" (kesho) ndiyo inayouonyesha. Hakuna ngeli, wingi mara nyingi unaonyeshwa kwa kurudia, "buku-buku". Na pale tunaposema "siye" tu, wao wana "kita" kama msikilizaji yumo na "kami" kama hayumo. Hayo lazima yasomwe kwa jasho. Lakini mtu anaona vizuri zaidi kilicho kigeni akishajua kilicho chake.

Hapo ndipo shida yetu ilipo. Wengi wetu tumefundishwa kuacha Kiswahili cha Katuba nje ya mlango wa darasa, kana kwamba "ulishakula" na "batu" ni aibu. Waindonesia wenyewe wanaishi na pengo kama hilo: kitabu kinasema "tidak" na "sudah", barabarani unasikia "nggak" na "udah". Anayejua lugha ya kitabu tu atapotea sokoni. Anayejua ya sokoni tu hataandika barua ya kazi. Anahitaji zote mbili, na kujua kila moja mahali pake. Mtoto wa Katuba anafanya kazi hiyo tangu utoto, ila hakuna aliyemwambia kwamba ni ujuzi.

Historia pia inatufundisha. Tarehe 28 Oktoba 1928, vijana waliokutana Batavia waliapa kuitukuza lugha moja ya umoja, iliyotokana na Kimalay, lugha ya biashara, ingawa Kijava kilikuwa na wasemaji wengi zaidi. Katanga nako, wafanyakazi wa migodi walitoka Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini, wakakutana katika Kiswahili, ambacho hakikuwa cha kabila lao lolote. Tofauti ni kwamba wao waliipa lugha yao shule, sheria na sayansi; mwaka 2023 UNESCO iliikubali kuwa lugha rasmi ya Mkutano wake Mkuu. Katiba yetu ya 2006 inakiita Kiswahili lugha ya taifa, lakini lugha rasmi ni Kifaransa.

Watauliza: kwa nini Kiindonesia, wakati Kiingereza na Kichina ndivyo vinavyoleta kazi? Sina ubishi na anayetafuta mkate. Lakini sisi ni fakulte ya lugha. Na Waindonesia si wageni kabisa Katanga: askari wao wa Umoja wa Mataifa walikuwa Albertville miaka ya 1960, na miaka ya karibuni walirudi kwa muda mji huo huo, unaoitwa sasa Kalemie.

Ninachoomba ni kidogo. Katika somo la sarufi linganishi, ubao ugawanywe safu tatu: Kiindonesia, Kiswahili sanifu, Kiswahili cha Lubumbashi. Na kazi za mwisho wa masomo zinazofuata ulinganisho huo zipokelewe kama utafiti, wala zisirudishwe kwa sababu mifano yake imetoka Katuba.